Paipu za kopa zinavyozeeka ndani kwa ndani: mwongozo kamili wa kukagua, kujua sababu na kurekebisha

Tundu la kwanza kwa paipu ya kopa (shaba) huwa dogo sana, ukipangusa hulioni, unaona tu tone linarudi. Plamba anaitwa, anafunga klempu au anakata kipande anaunga, analipwa anaenda. Miezi kadhaa baadaye lingine hilo, mita moja kando, halafu lingine, mpaka mwenye nyumba anaanza kusema kopa za siku hizi ni feki. Naomba kitu kimoja tu: kabla hujaziba tundu lolote uliza kwanza limeletwa na nini, kwa sababu paipu ya kopa haizeeki kwa njia moja. Kuna njia kadhaa, kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja ukiipeleka kwa nyingine umetupa pesa. Maji yakiwa mazuri na kazi ikiwa safi kopa inapita miaka 50 bila kukusumbua, na maji yakiwa mabaya inaweza kutoboka hata kabla ya miaka 5.

Najua nyumba nyingi mpya huku kwetu zinafungwa PPR, zile paipu za plastiki. Lakini kopa bado ipo, utaikuta kwa nyumba za zamani za Mombasa na Nairobi, kwa hoteli za pwani hasa laini za maji moto, kwa hospitali zilizojengwa zamani, na sola nyingi za maji moto zilizoko juu ya paa zina kopa ndani yake hata kama nyumba nzima ni plastiki. Na wenzetu walioko Uingereza na Marekani ndio wanaishi nayo kila siku.

Kabla ya hatua yoyote, elewa ile ngozi ya ndani

Kopa mpya ikikutana na maji inaanza kuliwa saa hiyo hiyo, na hiyo ni kawaida kabisa. Oksijeni iliyomo kwenye maji inaigeuza kopa ya juujuu kuwa oksaidi nyekundu ya kahawia, tabaka jembamba sana, halafu miezi na miaka ikienda juu yake inajijenga kutu ya kijani, ambayo ni kopa iliyoshikana na kaboneti za kwenye maji. Ni malakiti, jiwe lile lile la kijani wanalochonga vinyago na shanga kule Katanga. Hii ngozi ikishakaa sawasawa inazuia maji yasifikie kopa mpya, na kuliwa kunapungua mpaka karibu hakuna. Ndio maana paipu mpya hutoa kopa nyingi kwenye maji mwanzoni halafu inatulia.

Kwa hiyo umri wa paipu ni umri wa hiyo ngozi. Chochote kinachoizuia isijijenge, au kinachoitoboa sehemu moja, ndicho kinachoua paipu: maji yenye asidi, hewa ya ukaa iliyojaa kwenye maji ya kisima, kloraidi (yaani chumvi), mchanga uliolala chini ya paipu, maji yanayokimbia kwa kasi, joto la kupita kiasi, na flaksi (ile dawa ya kupaka kabla ya kuchoma ungio) iliyoachwa ndani na fundi. Kariri hiyo orodha maana tutarudi kwake.

Hatua ya 1: Jua una paipu gani na ina unene gani

Kwaruza kidogo kwa kisu. Rangi ya kopa unaijua, na sumaku haishiki. Sumaku ikishika hiyo ni paipu ya chuma iliyopakwa zinki, ile ya GI, na shida zake ni tofauti.

Huku kwetu saizi zilizozoeleka ni za Kiingereza: 15 mm, 22 mm, 28 mm, kipimo cha nje. Ile ya 15 kwa kawaida ina ukuta wa 0.7 mm na zile za 22 na 28 zina 0.9 mm. Fikiria hiyo 0.7, ni nyembamba, kishimo kimoja kikiamua kuchimba hakina safari ndefu. Kule Marekani wanaziita K, L na M na zina maandishi ya rangi kwa mwili: K kijani, L bluu, M nyekundu. Kwa ya nusu inchi, M ina kama 0.7 mm, L kama 1.0 na K kama 1.2. Kama nyumba yako ya huko ina M na maji ya kisima binafsi, wewe ndio wa kwanza kufuata huu mwongozo.

Kitu kingine cha kujua hapa ni umri wa maungio. Marekani walipiga marufuku solda (ile metali ya kuyeyusha kuungia paipu) yenye madini ya risasi kwa maji ya kunywa mwaka 1986, kwa hiyo nyumba iliyofungwa kopa kabla ya hapo ichukulie kwamba ina risasi kwenye maungio mpaka maabara iseme vinginevyo. Kwa nyumba zetu za zamani mimi nachukulia hivyo hivyo. Maji yanayokula kopa yanakula na hiyo risasi, na risasi ni mbaya kuliko kopa mara nyingi sana, hasa kwa watoto.

Hatua ya 2: Tembea nyumba nzima na usome dalili

Anza asubuhi kabla mtu hajafungua mfereji. Chukua kikombe cheupe, kinga maji ya kwanza kabisa ya mfereji wa baridi wa jikoni, halafu kinga ya maji moto kwa kikombe kingine. Angalia rangi kwenye mwanga wa dirisha. Yakiwa na ubluu au ukijani kidogo, paipu inayeyuka. Halafu nenda kwa masinki, bafu na choo, tafuta michirizi ya kijani-bluu pale ambapo tone hudondokea kila siku. Nguo nyeupe zikitoka na ukijani, au ladha ya chuma mdomoni kwa maji ya asubuhi ambayo inaisha ukiyaachilia dakika moja, zote ni alama hizo hizo.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wengi wanapotea. Michirizi ya kijani inakuambia paipu inaliwa kote kote, pole pole, sawasawa. Lakini ile ya vishimo, inayotoboa, inaweza kufanya kazi yake na maji yako yakawa meupe kabisa, hayana ladha, hayana doa lolote kwa sinki, kwa sababu kopa inayotoka ni kidogo sana ila yote inatoka sehemu moja. Kwa hiyo ukiona maji masafi usiseme paipu iko salama, na ukiona michirizi usiseme lazima itatoboka kesho.

Ukimaliza masinki fuata paipu zenyewe zile zinazoonekana: chini ya sinki, kwenye dari, karibu na hita, juu ya paa kwa sola. Ukungu wa kijani kwenye maungio peke yake mara nyingi ni flaksi ambayo fundi hakupangusa akimaliza kuchoma, haina hatari kubwa ukiisugua ikaisha. Lakini donge la kijani lililokauka katikati ya paipu, mbali na maungio, lenye mstari mweupe wa chumvi chini yake, hilo ni tundu linalovuja na kujiziba lenyewe. Lizungushie tishu kavu ufunge na uzi, urudi kesho. Ikiwa na unyevu au doa la kijani, umepata. Usilikwangue uone, utajikuta na maji dari nzima usiku.

Hatua ya 3: Pima maji, na uyapime vizuri

Bila hii unabahatisha. Chukua sampuli tatu: moja ya chanzo chenyewe (kisima, tenki au laini ya kaunti kabla haijaingia kwenye kopa), ya pili ya mfereji baada ya maji kulala ndani ya paipu si chini ya masaa sita, na ya tatu ya mfereji huo huo baada ya kuyaachilia dakika kama tano. Ya kwanza ukiilinganisha na ya pili unajua paipu inaongeza nini.

Ambia maabara wapime pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda), alkaliniti (uwezo wa maji kuzima asidi), ugumu, kloraidi, salfeti, chumvi zote kwa jumla, kopa, risasi, chuma na manganizi. pH pima mwenyewe hapo hapo kisimani, kwa sababu maji ya kisima yana hewa ya ukaa ndani na ikitoroka kwa chupa njiani pH inapanda, maabara inakuandikia 7.4 wakati kisimani ilikuwa 6.6, na wewe unaanza kutafuta mchawi.

Namba za kushika ni hizi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha kopa kwa maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita, Marekani wanachukua hatua ikipita 1.3. Ikipita 1 ndio madoa kwa sinki na nguo yanaanza. pH chini ya 6.5 ni maji yanayokula, kati ya 6.5 na 7 bado sina raha nayo, na kuanzia 7.5 mpaka 8.5 kwa kawaida ngozi inajijenga vizuri. Kloraidi nyingi hasa pamoja na salfeti na hewa ya ukaa kwenye maji baridi ya kisima, tarajia vishimo. Na usidanganywe na ule usemi kwamba maji magumu yanalinda paipu. Visima vyetu vya pwani vinapita kwenye mawe ya matumbawe, maji ni magumu kweli, lakini ni ya chumvi pia, na hiyo chumvi ndiyo inayotoboa.

Halafu kuna hili ambalo nalisema kwa nguvu kwa sababu naliona linaenea: majengo mengi yenye visima vya chumvi sasa yanafunga mitambo ya kuchuja chumvi, ile RO, na maji yanayotoka yanaingizwa moja kwa moja kwa laini za zamani za kopa. Maji ya RO yamebaki matupu, hayana kaboneti ya kujenga ngozi, pH yake iko chini, yana njaa. Mwenye jengo anaona maji matamu, paipu zinaanza kutoa bluu. Kama jengo lako lina kopa, lazima maji ya RO yapitishwe kwanza kwenye kichujio cha chokaa ili yarudishiwe madini, au yachanganywe na sehemu ya maji ya kawaida kwa kipimo, kabla hayajafika kwa paipu. Hakuna njia ya mkato hapo.

Hatua ya 4: Kata kipande, kipasue, ukisome

Hii ndiyo hatua inayokupa jibu, na ndiyo mafundi wengi wanairuka, wanakata kipande kibovu wanakitupa kwa gunia la vyuma chakavu wakauze. Kipande kibovu ni cheti chako cha daktari, kidai.

Kabla ya kukata, chora kwa maka alama mbili kwenye paipu: upande wa juu, na mshale wa maji yanakoelekea. Funga geti valvu, mwaga maji, kata kama sentimita 30 tundu likiwa katikati, na ukiweza kata na kipande kingine kizima mbali kidogo ili ulinganishe. Usikioshe. Kiache kikauke, halafu kipasue kwa urefu na hekso, msumeno wa chuma, ya meno madogo, pande mbili, kifunguke kama mifereji miwili. Vaa glavu, makali yake yanakata vibaya. Sasa angalia ndani.

Ukikuta kote kuna rangi moja, uso wa kopa umekwaruka au umebaki mwekundu bila ngozi ya maana, na ukuta umepungua sawasawa pande zote (pima na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ulinganishe na 0.7 au 0.9 ya mwanzo), hiyo ni asidi. Maji yenyewe ndio mgonjwa, paipu zote za nyumba ziko hivyo.

Ukikuta vidonge vya kijani vimeketi hapa na pale kama vifuniko, kingo zao zimeinuka, na sehemu iliyobaki ya paipu ni nzima kabisa, hapo ni vishimo. Chokonoa kidonge kimoja kwa ncha ya kisu. Chini yake utakuta unga mwekundu wa oksaidi na pengine kitu cheupe, hiyo nyeupe ni kloraidi ya kopa, na ndiyo inayofanya kishimo kiendelee: ndani ya kile kifuniko maji yanakuwa ya asidi yenyewe kwa yenyewe, hata kama maji yanayopita nje yako sawa, kwa hiyo kishimo kikishaanza kinajilisha. Angalia vimekaa wapi. Vikiwa vimejipanga upande wa chini wa paipu iliyolala, pamoja na tope au mchanga, sababu ni uchafu uliotua. Huku kwetu kwa maji ya mgao hii ni kawaida sana, maji yakikatika na kurudi yanabeba tope la laini nzima, linaingia kwa tenki, kutoka hapo kwa paipu, linalala, na chini yake oksijeni haifiki sawa na pengine, kishimo kinaanza.

Vishimo vya maji moto vina sura nyingine. Ni vyembamba, vinaingia moja kwa moja ndani, na vifuniko vyake ni vidogo vyeusi-kijani. Hivyo hupenda maji laini yenye pH ya chini na joto la kupita digrii 60. Ukikuta upakaji mweusi mweusi ndani ya laini ya moto, manganizi inahusika.

Ukikuta hakuna kifuniko chochote, uso ni safi unang'aa, na kuna alama zilizochimbwa kama kwato za punda zimefuata mwelekeo wa mshale wako, hasa mara tu baada ya elbo (kona) au tii (ungio la njia tatu), hapo ni kasi ya maji. Ngozi inakwanguliwa kila siku. Angalia pia mdomo wa paipu pale ilipokatwa na fundi wa kwanza: kama aliacha makali yaliyoingia ndani bila kuyakwangua, maji yanaruka hapo, yanazunguka, na yanachimba sentimita chache mbele yake.

Mstari wa kijani unaoanzia kwenye maungio na kutambaa sakafuni mwa paipu, na tundu liko ndani ya huo mstari, ni flaksi. Fundi alipaka kwa wingi, ikayeyuka ikatiririka ndani, haikuoshwa. Hii ndiyo habari njema kuliko zote kwa sababu kosa liko hapo kwenye hilo ungio.

Kama ndani ni pazima na nje ndio kumeliwa, tafuta kilichogusa paipu kutoka nje. Mchanga wa baharini kwenye plasta, choo kinachovuja karibu, mbolea, zege lenye takataka. Kopa ndani ya simenti safi haina shida, ni chumvi na amonia ndio zinaila. Ufa wa kuzunguka paipu karibu na ungio, bila kuliwa kokote, ni uchovu wa kutanuka: kopa ya mita 10 ikipanda joto digrii 50 inarefuka kama milimita 8 na nusu, na kama imebanwa pande zote kwa ukuta haina pa kwenda, inavunjika pole pole. Na mpasuko wa kwenda na urefu wa paipu iliyovimba, ndugu yangu uliyeko kwenye baridi, hiyo ni barafu, haina uhusiano na maji yako.

Hatua ya 5: Angalia mfumo, si paipu peke yake

Kasi kwanza. Kwa maji ya baridi usipite kama mita 2.4 kwa sekunde, kwa moto mita 1.5, na yakipita digrii 60 mita 1 au chini. Unaipimaje bila mashine? Chukua ndoo ya lita 20, funga mifereji mingine yote, fungulia mmoja unaolishwa na paipu ya 15 mm. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, ndani ya hiyo paipu maji yanakimbia kama mita 2.3 kwa sekunde. Ikijaa kwa dakika moja na nusu ni kama 1.5. Kwa mfereji unaofunguliwa mara moja moja hiyo haiui, lakini kwa laini ya maji moto inayozunguka saa 24 hotelini, pampu ikiwa kubwa kuliko inavyohitajika, mita 2 kwa sekunde zitamaliza elbo zako zote. Mtu akikuambia maji moto yanachelewa kufika chumba cha mwisho hivyo aongeze pampu, mwambie asawazishe valvu kwanza.

La pili ni mpangilio wa metali. Kopa na GI zikigusana moja kwa moja ndani ya maji, GI ndiyo inayoliwa, weka kipande cha brasi katikati angalau. Lakini hata zisipogusana, kopa kidogo inayoyeyuka ikifika kwa tenki au paipu ya GI iliyoko mbele inatua pale na kuanza vishimo. Kwa hiyo kanuni ni GI inakuja kwanza, kopa inafuata, kamwe usirudi kwenye GI baada ya kopa. Kwa sola hii inavunjwa sana, maji yanazunguka kutoka kwa kopa ya paneli kurudi kwa tenki la GI, halafu watu wanashangaa tenki limetoboka haraka hivyo.

Hatua ya 6: Tibu maji kabla ya paipu

Kama ni asidi na pH iko kati ya 6 na 7, kichujio cha kokoto za chokaa kinatosha: maji yanapita, yanakula chokaa badala ya kopa yako, pH inapanda, na kila baada ya muda unaongeza kokoto kwa sababu zinaisha. Nunua zile za vichujio, si za barabara. Ikiwa chini ya 6 utahitaji pampu ndogo ya kudondosha soda ashi, dawa ya kupandisha pH. Kama tatizo ni hewa ya ukaa ya kisimani kuna dawa ya bei rahisi kuliko zote, acha maji yaingie kwenye tenki kwa juu yakirushwa kama shawa, hewa inatoroka na pH inapanda yenyewe. Pima kabla na baada, utaona.

Kama ni tope, weka kichujio baada ya tenki, osha tenki, na fungua sehemu za mwisho za kila laini maji yatoke kwa nguvu. Paipu ya kutoa maji kwenye tenki isiwe sakafuni kabisa. Kama ni joto, shusha hita. Kwa mifumo mikubwa yenye maji yanayokaa, hotelini na hospitalini, tenki libaki 60, usishuke chini ya hapo kwa sababu ya vijidudu vya Legionella, lakini 75 au 80 hakuna sababu yoyote.

Kloraidi ndio ngumu. Huwezi kuitoa bila RO na RO ina masharti niliyosema juu. Kuna dawa ya fosfeti inayosaidia ngozi ijengeke, na inafanya kazi kweli: kule Maryland, vitongoji vya Washington, maelfu ya nyumba zilianza kutoboka vitundu kwa laini za baridi, na kampuni ya maji ya pale, WSSC, ikaanza kuongeza fosfeti kwenye maji yote kuanzia 2003. Lakini hiyo ni kazi ya mtu wa maji anayepima kila mara, usimwage kitu kwa tenki la nyumbani kwa kukisia.

Hatua ya 7: Rekebisha au badilisha

Flaksi, ufa wa kutanuka, sehemu moja iliyoliwa kutoka nje: rekebisha hapo, endelea na maisha. Kasi: badilisha elbo zilizoliwa na upunguze pampu. Asidi: tibu maji, pima ukuta uliobaki, kama ni nusu au zaidi unaweza kuendelea nao. Vishimo, na kipande chako kingine ulichokata mbali kinavyo pia, basi hiyo laini yote imekwisha, kuiziba tundu kwa tundu ni kulipa bei ya laini mpya kwa awamu na bado hauna laini mpya.

Klempu yenye mpira na gundi za epoksi ni za usiku wa dharura tu. Ungio la kudumu linafanywa hivi: kata wima bila mshazari kwa kikata paipu, kwangua makali ya ndani mpaka kidole kipite laini, sugua nje ya paipu na ndani ya fiting'i (kile kiungio) mpaka zing'ae, flaksi paka kidogo na kwenye paipu tu, chomeka, pasha moto fiting'i na si solda, gusisha solda isiyo na risasi iingie yenyewe, acha ipoe bila kuitikisa, pangusa na kitambaa chenye maji. Paipu ikiwa na maji yasiyokauka, tumia fiting'i za kukaza kwa spana.

Ukiamua kuhamia PPR sawa, ila angalia mambo mawili. Kwa laini ya maji moto inayozunguka usichanganye nusu kopa nusu PPR, kopa iliyoyeyuka kwenye maji moto inaharakisha kuzeeka kwa plastiki. Na la pili ni la uhai: nyumba nyingi za zamani earth ya umeme (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) ilifungwa kwenye paipu ya maji, ukikata kopa ukaweka plastiki katikati umekata earth, na kwa nyumba zetu zenye shawa za umeme bafuni hilo ni la kuua mtu. Fundi umeme aje apime kabla hujafungulia maji.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza na kuendelea

Laini mpya ikishaungwa, iachilie maji kwa nguvu kila mfereji mpaka flaksi na vumbi vitoke, siku hiyo hiyo. Usijaribu presha halafu ukaacha maji yamelala humo miezi mitatu ukisubiri mpangaji, hilo linaharibu paipu mpya kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, kwa sababu ngozi inaanza kujengeka vibaya tangu mwanzo. Kama nyumba haina mtu, ama mwaga yote ikauke ama mtu apite kila wiki afungue mifereji.

Kunywa na kupikia tumia mfereji wa baridi tu, na maji yaliyolala usiku yaachilie kwanza kwa ndoo, mwagilia mchicha nayo. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga usiyakoroge kamwe na maji ya kwanza ya asubuhi wala ya hita. Kuchemsha hakutoi kopa wala risasi, maji yanapungua na vyenyewe vinabaki. Mwenye ugonjwa wa Wilson, ambao mwili hauwezi kutoa kopa, aongee na daktari wake kuhusu maji ya nyumba hiyo.

Halafu pima pH ya mfereji kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kopa mara moja kwa mwaka, na kila unapokata kipande cha paipu kifungie lebo uandike tarehe, laini gani, moto au baridi, juu ni wapi, ukiweke kwa boksi moja na majibu ya maabara. Plamba yeyote atakayekuja baada yako mpe hilo boksi kabla hajafungua begi la vifaa.